Mbunge wa upinzani na mipango ya ardhi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia ndugu na majirani kuandika barua za madai ya ardhi hapa Dar es Salaam. Mimi si wakili. Ni mtu niliyezoea kupanga foleni ofisini mchana na kusoma Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, usiku. Maswali ninayoulizwa yanajirudia, na mengi yanaishia kwa mbunge. Jimbo likiwa na mbunge wa upinzani watu hugawanyika: wapo wanaoamini ataizuia Serikali kwa mkono wake, na wapo wanaosema hana lolote, anapiga kelele tu Dodoma. Majibu yafuatayo yanahusu Tanzania Bara, isipokuwa pale nilipotaja kwingine.

Upinzani hauna kura za kutosha. Sasa mbunge wake ataisimamiaje Serikali?

Ibara ya 63 ya Katiba ya mwaka 1977 inalipa Bunge lote kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, wala haisemi ni wabunge wa chama gani. Ibara hiyohiyo inaruhusu kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo kwenye wajibu wake, kujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa bajeti, na kujadili mpango wowote, wa muda mrefu au mfupi, unaokusudiwa kutekelezwa nchini. Kwenye kura ni kweli upinzani hushindwa karibu kila mara. Wanaoafiki wanaitika "ndiyo" ukumbi mzima, na wale wachache wa "siyo" hata hawasikiki. Lakini swali halipigiwi kura. Waziri atasimama ajibu, na alichosema kitaandikwa kwenye Hansard pamoja na tarehe yake.

Kazi iko kwenye namna ya kuuliza. Swali linaloanza na "Je, Serikali ina mpango gani wa kuwalipa fidia wananchi wa eneo hili" linajulikana jibu lake kabla waziri hajafungua jalada: italipa kadri fedha zitakavyopatikana. Hapo mbunge amemfungulia waziri mlango wa kutokea. Mbunge aliyejiandaa anauliza hivi: uthamini uliidhinishwa tarehe ngapi, kaya ngapi zimelipwa na ngapi bado, na fedha za waliobaki zimo kwenye kifungu kipi cha bajeti ya mwaka huu? Baada ya jibu la msingi anaruhusiwa maswali mawili ya nyongeza, na mara nyingi hapo ndipo jambo hutoka. Jibu la msingi limeandaliwa na wataalamu wa wizara, wakalipitia wakalinyoosha. La nyongeza waziri analitoa kichwani, amesimama, watu wanamtazama.

Mnaposema "mipango" mna maana ya mipango ya maendeleo au mipango miji?

Yote mawili, maana yanakutana juu ya kiwanja kilekile. Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano unasema reli ipite wapi na bandari ikue kiasi gani. Mipango miji inasema eneo lako ni la makazi, la biashara, la wazi au ni njia ya barabara. Ule wa kwanza hufika bungeni: mapendekezo ya mpango wa kila mwaka hujadiliwa miezi kadhaa kabla ya bajeti. Huu wa pili hauletwi bungeni kupitishwa. Unaandaliwa na halmashauri na kuidhinishwa ngazi ya wizara.

Ndiyo maana watu wengi humtafuta mbunge mahali pasipofaa. Mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake. Mchoro wa mipango miji wa mtaa wenu ukiwa bado uko halmashauri, nafasi ya kuupinga au kuurekebisha iko pale, kwenye kikao ambacho hakirushwi na televisheni yoyote. Mbunge wa upinzani anayehudhuria Dodoma tu na kukosa vikao vya baraza lake ameacha nusu ya kazi, na wapiga kura wake wana haki ya kumwambia hivyo.

Ni sheria zipi hasa anazopaswa kuzijua?

Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 ndiyo kubwa. Hiyo ndiyo inayoifanya halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji, inampa waziri uwezo wa kutangaza eneo la mipango, na inaweka utaratibu wa mipango ya jumla na ya kina pamoja na vibali vya uendelezaji. Pembeni yake kuna Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007, na Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya 1967. Kwa fidia, asome Sheria ya Uthamini ya 2016, maana ndiyo iliyoweka saa ukutani: fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, ikichelewa iongezewe riba, na uthamini wenyewe ukikaa zaidi ya miaka miwili bila malipo unakufa.

Juu ya zote iko Ibara ya 24 ya Katiba, inayokataza mtu kunyang'anywa mali bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili.

Ukizisoma hizi kwa pamoja utaona kwamba maandishi yetu si mabaya. Yanataka matangazo, yanataka wananchi wasikilizwe, yanataka malipo kwa wakati. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza kila mara kama yamefuatwa, na hapo ndipo ninapouona umuhimu wa mbunge asiye na deni lolote kwa waziri.

Nyumba yetu imewekwa X nyekundu. Mbunge anaweza kuzuia isivunjwe?

Peke yake, hapana. Mbunge hana amri ya kusimamisha tingatinga; amri hiyo inatoka mahakamani au serikalini kwenyewe. Anachoweza ni kuharakisha mambo yafike huko.

Mfano uko wazi. Desemba 2015 bomoabomoa ilianza bonde la Mto Msimbazi na maeneo mengine ya Dar es Salaam, kwa hoja kwamba wakazi wamejenga bondeni na kando ya mto. Hoja ya hatari haikuwa ya kubuni: mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na baadhi ya waathirika walihamishiwa Mabwepande. Lakini watu walivunjiwa mvua zikiwa karibu, watoto wakilala juu ya vifusi. Maulid Mtulia, wakati huo mbunge wa Kinondoni kwa tiketi ya CUF, alikwenda na wakazi Mahakama Kuu, Kitengo cha Ardhi, na Januari 2016 mahakama ikatoa zuio la muda. Lilikuwa la muda tu. Hata hivyo muda ule uliwapa watu nafasi ya kutoa milango, mabati na magodoro yao.

Kimara ni habari nyingine. Mwaka 2017 nyumba zilizo ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya Barabara ya Morogoro zilivunjwa ili kupanua barabara kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2. Serikali ilisema hiyo ni hifadhi ya barabara tangu sheria za zamani, kwa hiyo hakuna fidia. Wakazi walisema wana hati, wana umeme na maji waliyounganishiwa na mashirika ya umma, na wamelipa kodi za majengo miaka yote. John Mnyika, aliyekuwa mbunge wa Kibamba kupitia CHADEMA, alilisema jambo hilo ndani na nje ya Bunge. Nyumba zilivunjwa. Ninaamini swali ambalo lilipaswa kujibiwa mapema zaidi, miaka mingi kabla ya 2017, ni moja: kama eneo lilikuwa hifadhi, ni nani aliyetia saini hati za watu ndani yake, na amewajibishwa vipi?

Kwa hiyo ukiona X, usisubiri mkutano wa hadhara wa mbunge. Piga picha ukuta, andika tarehe, dai notisi ya maandishi, na mtafute wakili siku hiyohiyo. Kuishtaki Serikali kunahitaji notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 hata kesi dhidi ya halmashauri zinamhusisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Siku hizo 90 ni nyingi mno kwa mtu aliyepewa siku saba kuhama. Wakili atakueleza namna ya kuomba zuio wakati notisi inaendelea.

Kilichotokea Kigamboni ni nini, na wabunge walifanya nini?

Hiki ndicho kisa ninachokirudia kuliko vyote. Mwaka 2008 Serikali ilitangaza mradi wa Mji Mpya wa Kigamboni, zaidi ya hekta 6,000 kwenye kata za Kigamboni, Tungi, Vijibweni, Mjimwema, Kibada na sehemu ya Somangila. Michoro ilipendeza sana: majengo marefu, bustani, fukwe. Kwa mwenye nyumba ya matofali Tungi, mchoro ule ulikuwa na maana moja tu. Asijenge, asiongeze chumba, asikarabati, maana eneo limetangazwa kuwa la mipango na litatwaliwa.

Miaka ikapita. Fidia haikuja, na ruhusa ya kujenga haikuja. Benki hazikutaka kukopesha kwa dhamana ya nyumba ambayo huenda ikavunjwa. Nilikuwa na rafiki Mjimwema aliyekuwa ameanza choo cha ndani kwa ajili ya mama yake mgonjwa. Akasimama kwenye msingi. Ule msingi uliota majani. Kila nilipokwenda kumtembelea tulipita pembeni yake kwenda choo cha uani, na mama akisaidiwa kutembea hatua zile zote.

Aliyeibana Serikali kwa nguvu kuhusu Kigamboni hakuwa wa upinzani. Alikuwa Dkt. Faustine Ndugulile, marehemu sasa, mbunge wa Kigamboni kupitia CCM, ambaye aligongana waziwazi na wizara juu ya namna mradi ulivyoendeshwa. Upinzani nao, kupitia waziri kivuli wa ardhi, yaani mbunge wake aliyepewa kuifuatilia wizara hiyo, uliendelea kuhoji migogoro ya ardhi na fidia katika hotuba za bajeti. Baadaye wakala uliokuwa umeundwa kusimamia mji huo ukavunjwa na kazi zikarudi kwenye manispaa. Daraja la Kigamboni, mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016, na mji ukakua, ila si ule wa kwenye michoro.

Ninachojifunza pale ni kwamba tangazo la eneo la mipango linaweza kuumiza watu hata kama hakuna tofali lililovunjwa. Mbunge anayesikia wizara imetangaza eneo jipya aulize siku hiyohiyo: fedha za fidia ziko wapi? Zikiwa hazipo, tangazo linasubiri nini na wananchi wafanye nini wakati huo?

Waziri kivuli ni nani, na kwa nini siku hizi hasikiki?

Chama, au vyama vilivyoungana, vikifikisha asilimia 12.5 ya wabunge huweza kuunda Kambi Rasmi ya Upinzani. Kiongozi wake huteua mawaziri vivuli, na kila wizara inapoleta bajeti, waziri kivuli husoma hotuba mbadala baada ya waziri na kamati. Hamad Rashid Mohamed wa CUF aliongoza kambi hiyo hadi 2010, akafuatiwa na Freeman Mbowe wa CHADEMA hadi 2020. Kwa ardhi, Halima Mdee, wakati ule mbunge wa Kawe kwa CHADEMA, alikuwa waziri kivuli katika Bunge la 2010 hadi 2015, na mwaka 2012 alipeleka hoja binafsi kuhusu ugawaji wa ardhi kwa wawekezaji.

Faida ya hotuba mbadala ilikuwa kwamba kuna mtu mmoja aliyelazimika kuisoma wizara nzima, mafungu na vifungu, na kuja na kauli ya maandishi. Baada ya uchaguzi wa 2020 wapinzani hawakufikia idadi hiyo, na Bunge la 12 likaenda miaka mitano bila kambi rasmi. Wabunge wachache waliobaki waliuliza kama mtu mmoja mmoja. Naona pengo hilo kwenye Hansard bila hata kutafuta: kurasa nyingi za pongezi, na hoja za kina ni za kuokoteza.

"Kushika shilingi" maana yake nini?

Bunge linapopitia makadirio ya wizara kifungu kwa kifungu likiwa Kamati ya Matumizi, mbunge asiyeridhika anaweza kutaka maelezo kwenye mshahara wa waziri, na akisema "nakusudia kushika shilingi" anatoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara huo. Ni shilingi moja tu. Hata hivyo ikishikwa, wenzake huruhusiwa kuchangia, na waziri hulazimika kusimama tena na kutoa ahadi iliyonyooka kuliko ile aliyoitoa kwenye majumuisho. Wabunge wengi huirudisha shilingi wakiahidiwa lolote. Wasiirudishe kabla hawajapewa tarehe.

Je, mbunge mmoja anaweza kubadili muswada?

Anaweza kubadili maneno ndani yake, na maneno ndiyo sheria. Muswada husomwa mara ya kwanza, ukaenda kwenye kamati ambako wadau huitwa kutoa maoni, ukarudi kusomwa mara ya pili, kisha ukapitiwa ibara kwa ibara kabla ya kusomwa mara ya tatu na kupelekwa kwa Rais. Mbunge yeyote anaweza kuleta jedwali la marekebisho, yaani orodha ya maneno anayotaka yabadilishwe. Neno "anaweza" likigeuzwa kuwa "atapaswa" kwenye ibara ya kutoa taarifa kwa mwananchi, halmashauri haina tena hiari. Nimeona majedwali ya namna hiyo yakikataliwa mengi, na machache yakipita kimya kimya kwa sababu Mwanasheria Mkuu mwenyewe aliona yana mantiki.

Mambo mawili humnyima mbunge nafasi hii. La kwanza ni hati ya dharura, ambayo inafupisha muda wa kusoma na wa kusikiliza wadau. Sheria za maliasili za katikati ya 2017 zilipita hivyo. La pili ni Muswada wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali. Humo sheria kumi au zaidi hufungwa kwenye furushi moja, na kifungu kinachogusa ardhi yako kinaweza kuwa katikati ya mambo ya vyuo na ya korosho. Huo ndio muswada wa kusomwa kwa kidole, mstari kwa mstari.

Kisha kuna kanuni na matangazo ya Serikali, anayoyatia saini waziri bila kurudi bungeni kuomba kura. Ukubwa wa kiwanja, ada, mipaka ya eneo la mipango, mengi yamo humo. Bunge lina Kamati ya Sheria Ndogo inayoyachunguza, ila ni kazi isiyo na kamera na wachache wanaipenda.

Kwa nini sheria hizi zimeandikwa Kiingereza, nasi tunaulizwa kwa Kiswahili?

Hili linaniuma. Kwa miongo mingi Bunge lilijadili kwa Kiswahili na kutunga kwa Kiingereza. Mwenyekiti wa mtaa alitakiwa kuwaeleza watu sheria ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuisoma. Mwaka 2021 Sheria ya Tafsiri ya Sheria ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha ya sheria. Ni hatua kubwa. Mbunge wa upande wowote anayetaka kuacha alama, aidai tafsiri ya kanuni zote za mipango miji na fidia, na nakala ziwekwe kwenye ofisi za mitaa, pale kwenye benchi la mbao watu wanapongojea mhuri.

Kuna lolote ambalo upinzani umewahi kulifanikisha, au ni maneno tu?

Lipo. Agosti 2007 Zitto Kabwe, akiwa mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa CHADEMA, alitaka iundwe kamati teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Badala yake yeye ndiye aliyesimamishwa. Kabla ya mwaka kwisha Rais Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kupitia mambo ya madini, Zitto akiwa mjumbe, na mwaka 2010 nchi ikapata Sheria mpya ya Madini.

Mwaka 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC, ikiongozwa na yeye huyohuyo, ilipeleka bungeni taarifa ya akaunti ya Escrow ya Tegeta, iliyokuwa na fedha za mgogoro wa umeme kati ya TANESCO na kampuni ya IPTL. Bunge likapitisha maazimio. Ndani ya wiki chache Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu, na Waziri wa Ardhi wa wakati huo, Profesa Anna Tibaijuka, aliondolewa. Waziri wa Nishati, Profesa Sospeter Muhongo, akajiuzulu Januari 2015. Ukiangalia vizuri, lililofanya kazi ni taarifa ya ukaguzi, kamati yenye mwenyekiti wa upinzani, na wabunge wa CCM waliokubali kuunga mkono.

Akisema sana si atafukuzwa?

Ibara ya 100 inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano bungeni. Mbunge hawezi kushtakiwa mahakamani kwa alichosema humo. Lakini Bunge lenyewe linaweza kumwadhibu. Juni 2017 Halima Mdee na Ester Bulaya walisimamishwa hadi mkutano wa bajeti wa mwaka uliofuata. Mwaka mzima majimbo ya Kawe na Bunda Mjini hayakuwa na mtu wa kuuliza swali ukumbini. Adhabu ya namna hiyo humwangukia mpiga kura, nami siioni kuwa ya haki hata pale mbunge alipokosea kweli.

Zanzibar na Kenya mambo yakoje?

Ardhi si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria zake na swali la kiwanja cha Ng'ambo au Mji Mkongwe linaulizwa kwenye Baraza la Wawakilishi, si Dodoma.

Kenya wanatumia Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, na kazi kubwa ya upangaji iko kaunti, kwa hiyo mwakilishi wa wadi ana uzito kuliko mbunge. Walichotuzidi ni Ibara ya 118 ya Katiba yao ya 2010, inayolilazimisha Bunge kuwashirikisha wananchi. Kwetu ushirikishwaji unategemea sana utashi wa kamati.

Nimpelekee nini mbunge ili anisaidie kweli?

Usiende na hasira pekee. Mwaka ule ukuta wa mama mdogo ulipopigwa X, alikwenda ofisi ya jimbo mara tatu akilia, na mara tatu aliambiwa "tumelipokea, Mama." Mara ya nne nilikwenda naye. Tulibeba bahasha ya kaki: nakala ya fomu ya uthamini yenye saini na namba, barua ya halmashauri, picha mbili za nyumba, orodha ya kaya kumi na nne zenye tatizo lilelile, na karatasi moja ya mwandiko wa mkono yenye tarehe tu, kuanzia siku wathamini walipoingia uani. Msaidizi wa mbunge alisoma ile karatasi ya tarehe kwanza. Akauliza, "Tangu idhini ni miezi ishirini?" Nikamjibu ndiyo. Akachukua kalamu.

Kwa hiyo hesabu muda tangu uthamini uidhinishwe, na kama ni zaidi ya miezi sita andika hivyo kwa herufi kubwa juu ya barua. Kama umekaribia miaka miwili sema pia, kwa sababu uthamini ukifa watarudi kuthamini upya. Kama huna nakala ya mpango au ya uthamini, iombe kwa maandishi ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inampa mtunza taarifa siku 30 kujibu. Akikaa kimya, kimya hicho nacho ni kitu cha kumpelekea mbunge, pamoja na nakala ya barua yako yenye mhuri wa mapokezi. Usitoke masijala bila mhuri huo.

Ungana na wenzako. Swali la kaya moja mbunge atalipeleka kwa mkurugenzi kwa simu. Swali la mtaa mzima analipeleka bungeni. Na peleka mapema. Maswali ya msingi huwasilishwa na kupangiwa siku, na mkutano wa bajeti huanza Aprili, kwa hiyo bahasha inayofika Juni imechelewa.

Mbunge wetu ni wa chama tawala. Ningoje uchaguzi?

Usingoje. Kigamboni imeshaonyesha. Mpelekee bahasha ileile, na nakala mpe mbunge wa viti maalumu au wa jimbo la jirani kutoka upinzani. Hakuna kanuni inayomkataza mbunge kuuliza kuhusu mtaa usio wa jimbo lake.

Na mama mdogo alilipwa?

Swali lake liliulizwa, na jibu likasomwa mchana mmoja tukiwa tumekaa sebuleni tunasikiliza redio. Likatajwa jina la mtaa na mwaka wa fedha. Malipo yalikuja mwaka uliofuata, pungufu ya posho ya usumbufu. Hiyo posho bado tunaidai, na karatasi ya tarehe imefika ukurasa wa pili.